Serikali ya wanafunzi isiwe ya kuhesabu wachelewaji

Swali: "Jambo mzee. Mimi ni mwalimu wa elimu ya uraia katika shule ya sekondari huku Katuba, Lubumbashi. Kila mwaka wanafunzi wangu wanachagua serikali yao: waziri mkuu, waziri wa usafi, waziri wa nidhamu. Kampeni inakuwa moto, hotuba zinapigiwa makofi. Baada ya majuma mawili kazi yao inabaki kusimama langoni na kuandika majina ya wachelewaji. Nataka washiriki kweli katika uongozi, na hata katika maamuzi ya komini yetu, yaani serikali ya mtaa. Lakini prefe, mkuu wetu wa shule, anasema nisimletee siasa, na wazazi wawili wamekuja na neno hilohilo. Nianzie wapi bila kuwatia watoto hatarini?"

Jambo sana, mwalimu. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi kabla sijaanza kuzunguka shule za mji huu nikisaidia kamati za wanafunzi, na nakiri kwamba hao mawaziri wa langoni hata mimi nilikuwa nao. Niliwapa na beji. Nikajiona nimeleta demokrasia.

Jibu fupi ni hili. Uchaguzi uweke kando kwanza. Tafuta jambo moja dogo lenye mwenye kuliamua, mtu mnayemjua kwa jina na mnajua mlango wa ofisi yake. Wanafunzi wahesabu jambo hilo wao wenyewe. Halafu, kabla hawajampelekea chochote, nenda wewe mkubwa kwa huyo mwenye kuamua, umwombe ahadi moja tu: kwamba atajibu kwa maandishi kabla ya tarehe mtakayokubaliana, hata kama jibu lake ni hapana. Akikataa kuahidi, msiende kwake mwaka huu. Tafuteni jambo jingine. Mwanafunzi aliyeitwa kutoa maoni kisha asijibiwe anatoka pale amejifunza kwamba kusema ni kuchosha koo, na somo hilo hutalifuta kwa hotuba za mwaka mzima.

Sasa nieleze, maana najua prefe atataka sababu.

Hofu ya siasa usiicheke. Mzazi wa miaka hamsini na kitu hapa Lubumbashi alisoma wakati shule na chama vilikuwa kitu kimoja. Alicheza animasio, zile ngoma za kukisifu chama, juani akingoja gari la mkubwa lipite. Kisha ukaja mwaka 1990. Tarehe 24 Aprili rais Mobutu akatangaza kwamba enzi ya chama kimoja imekwisha, vijana wakadhani milango imefunguka, na usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakavamiwa ndani ya kampasi yao, wengine wakauawa. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Mama anayekuja kukwambia usimwingize mtoto wake katika siasa huenda alizisikia habari hizo akiwa na umri wa hao unaowafundisha. Ukimjibu kwa vifungu vya sheria atakuitikia kwa adabu, na kesho yake mtoto hatakuja. Mwonyeshe daftari la watoto: wamehesabu nini, watamwuliza nani, wewe utakuwa wapi saa hiyo. Baba mmoja aliyenijia kwa ukali kabisa alilainika alipoona kwamba hiyo "siasa" ni mfereji unaofurika mbele ya nyumba yake kila Desemba.

Hofu ya prefe ni nyingine, na tuseme ukweli kati yetu walimu. Prefe anajua kwamba mwanafunzi akizoea kuuliza, siku moja atauliza minervali, ile karo ya wazazi, inakwenda wapi. Hofu hiyo haitulizwi kwa maneno. Inatulizwa kwa kumfanya prefe awe mtu wa kwanza kuulizwa, na kuulizwa jambo ambalo anaweza kulitimiza akapata sifa.

Kuna mtaalamu mmoja, Roger Hart, ambaye mwaka 1992 aliiandalia UNICEF ngazi yenye vidato 8 vya ushiriki wa watoto. Vidato vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki kabisa: mtoto anayetumiwa, mtoto anayewekwa kama pambo, na mtoto anayeitwa ili ionekane tu kwamba ameitwa. Ukitaka kuviona vyote vitatu kwa saa moja, nenda kwenye sherehe yoyote ya tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Watoto wamevalishwa fulana mpya, wanasoma shairi lililotungwa na mtu mzima, wanapiga picha na mgeni rasmi. Na siku yenyewe inawakumbuka wanafunzi wa Soweto ambao mwaka 1976 waliandamana kwa uamuzi wao kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana! Vidato vya juu ni pale watoto wanapoanzisha jambo wao na kuamua pamoja na wakubwa. Lakini usijitese kutaka kufika huko mwezi wa kwanza. Hata kidato cha nne, ambapo kazi inatoka kwa mwalimu ila wanafunzi wanajua ni ya nini na wameikubali, tayari ni ushiriki wa kweli. Waziri wako wa nidhamu hajafika hapo. Huyo ni mlinzi asiyelipwa.

Nikusimulie shule moja ya Kampemba, komini nyingine ya mji wetu, jina lake nalihifadhi. Niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa pili: ni jambo gani ambalo likibadilika kabla ya Noeli mtaliona kwa macho yenu? Wakasema barabara. Wakasema umeme. Mmoja akasema mishahara ya walimu, nikamshukuru kwa moyo wote. Kisha msichana aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa amesema neno, akatamka, "Choo." Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Kesho yake wakaenda na daftari. Ukurasa wao ninaukumbuka kama jana: "Mlango wa 1, unafunga. Mlango wa 2, komeo hakuna, tunashika kwa kamba. Mlango wa 3, hakuna mlango." Hivyo hivyo mpaka wa 6. Lakini yule msichana aliongeza safu ambayo hakuna aliyemwagiza. Kichwa chake kiliandikwa: "Nani anasimama nje?" Kwa sababu penye choo kisichofunga, wasichana wanakwenda wawili wawili, mmoja anakuwa mlango. Mwalimu wa hesabu akaidaka hoja hiyo palepale: kila safari moja ya chooni inatoa wanafunzi wawili darasani, siyo mmoja. Wakahesabu safari za juma zima. Wakasimama na saa wakati wa mapumziko, wakaona foleni ya wavulana inakwisha, ya wasichana inakatwa na kengele. Na zile siku za mwezi ambazo msichana anabaki nyumbani, wenyewe waliziandika kwa aya moja fupi, bila jina la mtu.

Prefe alisoma ukurasa ule akanyamaza kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akafungua kabati, akatoa makadirio ya fedha ya shule, yale yanayopitia kwa kamati ya usimamizi, akawaonyesha mstari wa matengenezo. Ulikuwa mstari mwembamba. Siku hiyo wale watoto walijifunza kusoma bajeti kuliko nilivyowahi kufundisha mimi ubaoni. Wakaomba muda. Wakaenda kwa mafundi watatu wa kuchomelea vyuma, wakauliza bei ya mlango wa bati na bei ya mlango wa mbao, wakarudi na hoja kwamba mbao ni rahisi leo, ila mbao huibwa zikaishia kwenye mbabula, jiko la makaa, la mtu. Prefe akakubali milango mitatu. Ule mwingine uliohitajiwa akaukataa, akaandika sababu: fedha zilizobaki ni za mitihani. Karatasi ya "hapana" ile walibandika ukutani karibu na ratiba. Muhula uliofuata wakaichukua wakaipeleka kwenye kamati ya wazazi: prefe kasema hana, je ninyi? Wao ndio waliobuni njia hiyo, si mimi.

Sasa nikupe na aibu yangu, kwa sababu itakuokoa miezi. Kabla ya hao wa Kampemba nilikuwa nimepeleka wanafunzi kumi na mmoja kwenye ofisi moja ya serikali, na barua yao nzuri kuhusu takataka zilizoziba mfereji wa nyuma ya shule. Tulipokelewa vizuri mno. Soda zikaletwa, picha zikapigwa, mkubwa akasema vijana ni kesho ya nchi. Barua ikawekwa mezani, na sinia ya soda ikawekwa juu ya barua. Baada ya mwezi nilirudi kuuliza. Hakuna aliyejua ni barua gani ninayoisema. Nilikuwa nimekwenda na nakala moja! Mimi, mtu mzima, ninayefundisha uraia.

Basi sheria ya kwanza: nakala mbili. Moja inabaki kwa sekretarieti, ya pili inarudi nanyi ikiwa na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Msiondoke bila hiyo, hata mkiambiwa mwenye muhuri ametoka kula. Subirini. Na hapo ndipo Katiba inaanza kuwa kitu cha mkononi, maana kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006 kinasema kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inajibu ndani ya miezi mitatu. Tena hakuna wa kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Kimeandika "kila Mkongomani," hakikuandika mwenye miaka 18. Kupiga kura mtoto atasubiri 18, ubunge 25, urais 30, lakini kuandika ombi hakuna umri wa kusubiri. Chora kalenda ukutani, weka duara kwenye tarehe ya muhuri na duara jingine baada ya miezi mitatu, na kila asubuhi mwanafunzi mmoja akate siku. Huwezi kuamini jinsi darasa linavyoanza kujali tarehe.

Kuhusu nani aingie katika kamati. Uchaguzi wa kampeni unaleta watoto walewale: anayezungumza Kifaransa kama redio, mtoto wa mtu mwenye cheo, au yule mwenye kabila kubwa darasani. Hilo la mwisho hapa kwetu tunajua lilivyotuumiza miaka ya 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa, usiliruhusu hata kwa utani. Mimi siku hizi nachukua nusu kwa kura na nusu kwa bahati nasibu, vikaratasi ndani ya kofia, wasichana na wavulana idadi sawa. Wale wa kofia mara nyingi ndio wanaokaa mpaka mwisho. Usichukue wanafunzi wa mwaka wa mwisho, hao ambao mitaani bado tunawaita wa siziemu: wana Mtihani wa Taifa kichwani, na wanaondoka na kumbukumbu zote. Mwaka wa pili na wa tatu ndio mzuri.

Na mikutano ifanywe kwa Kiswahili. Najua kanuni ya shule, najua pia kwamba barua ya ofisini itakwenda kwa Kifaransa, lugha ya serikali. Lakini yule msichana wa "choo" asingesema neno hilo kwa Kifaransa mbele ya darasa. Angekuwa anatafuta kwanza kama neno ni la kike au la kiume. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa mujibu wa kifungu cha kwanza cha Katiba, si lugha ya uani. Wajadili kwa Kiswahili, waamue kwa Kiswahili, kisha mwalimu wa Kifaransa awape kazi ya kuandika barua ile kama zoezi lenye pointi. Mwalimu wa hesabu achukue hesabu, wa jiografia achukue ramani ya mtaa. Ukifanya hivyo programu ya masomo haipotezi saa, na inspekta akija hana la kukukamata nalo.

Komini iache mpaka Januari, lakini anza kujifunza mapema, kwa sababu hapo ndipo penye utajiri. Kwa miaka mingi komini zetu ziliongozwa na walioteuliwa tu. Tarehe 20 Desemba 2023, pamoja na rais na wabunge, tulipiga kura pia kwa washauri wa komini. Sheria ya 2008 kuhusu mamlaka za mitaa inalipatia baraza la washauri hao kazi ya kujadili na kupitisha bajeti ya komini. Maana yake Katuba ina watu ambao wanafunzi wako wanaweza kuwauliza, na watu hao watakuja tena kuomba kura wakati wanafunzi hao wana kadi ya kura mkononi. Mshauri anayejua hesabu hiyo anasikiliza vizuri.

Halafu kuna fedha za madini. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwezi Machi 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya makampuni kwa madini wanayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mtaa palipo na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Wasomee wanafunzi wako mstari huo wa mwisho kisha uwaulize: vizazi vijavyo ni nani? Utaona vichwa vinavyoinuka. Ila nakuonya, hilo ni somo la darasani, si kampeni ya kwanza ya watoto. Penye fedha kubwa pana watu wakubwa, na mwanafunzi wa miaka 15 hatakiwi kuwa mstari wa mbele pale. Waanze na mfereji, taa ya njia panda, kivuko cha mbele ya shule. Kwingine bajeti shirikishi ilianza kwa mambo ya ukubwa huohuo. Porto Alegre ya Brazil ilianza mwaka 1989, wakaaji wakiamua lami na mabomba ya mtaa wao. Hata ndugu zetu wa Kivu ya Kusini walijaribu zaidi ya miaka kumi iliyopita, watu wakiitwa mkutanoni kwa ujumbe wa simu. Na mji wa Boston, Marekani, mwaka 2014 uliwaachia vijana wa miaka 12 hadi 25 waamue matumizi ya dola milioni moja za bajeti ya mji. Hatuna dola milioni za kuwaachia. Ila burgumesta, mkuu wa komini, anaweza kuwaachia wanafunzi waamue ni mfereji upi kati ya mitano utakaosafishwa kwanza kabla ya mvua za Novemba. Hiyo ni sera. Watahesabu nyumba, watabishana, watakosa usingizi kwa sababu mfereji ulioshindwa ni wa mtaa wa rafiki yao.

Umeuliza juu ya hatari, na hapa sitanii. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Katiba yetu, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu hivyo pia. Barua ya ruhusa isainiwe na mzazi kabla ya kila safari, siyo moja ya mwaka mzima. Wakubwa wawili kila wakati, mmoja wao mwanamke. Hakuna kofia wala fulana ya chama, hata ile ya bure aliyopewa baba. Sahihi kwenye ombi iwe ya kamati na ya mwalimu mlezi. Majina ya watoto yabaki shuleni. Mwanasiasa akisikia na kutaka kuja kupiga picha, mwambie prefe amjibu kwamba karibu sana, baada ya jibu la maandishi kupatikana. Maandamano, hapana. Si kwa sababu hayana haki ndani ya Katiba. Ni kwa sababu wewe huwezi kumlinda mtoto ndani ya umati, na unalijua hilo. Na ukisikia tu kwamba mmoja ametishwa, hata kwa mzaha, jambo lote linasimama siku hiyo, unakwenda na mzazi wake kwa prefe, wala huulizi watoto kama wana ujasiri wa kuendelea. Watasema wanao.

Kwa ratiba, fanya hivi. Septemba na Oktoba ni za kutafuta jambo na kuhesabu. Novemba unakwenda peke yako kuomba ile ahadi ya jibu, na jambo la kwanza liwe la ndani ya shule, kwa prefe. Kabla ya likizo ya Noeli muwe mmepata jibu hilo, ndiyo au hapana. Januari, kama bado wana hamu (watakuwa nayo), ombi la komini liandikwe, miezi mitatu ihesabiwe, iishie Aprili kabla joto la mitihani halijapanda. Jibu lisipokuja, barua ya pili inakwenda na nakala ya muhuri wa kwanza nyuma yake, maneno mawili matatu tu, bila hasira. Nimeona barua ya pili ikijibiwa ndani ya siku tisa, kwa sababu karani alijua sasa kuna watu wenye tarehe.

Mawaziri wako wa langoni waondoe taratibu, usiwaaibishe. Mwombe waziri wa nidhamu, kwa kuwa tayari ana daftari la wachelewaji, aongeze safu moja: amechelewa kwa nini. Aandike mwezi mmoja, "maji," "basi," "nilimpeleka mdogo wangu," "mvua." Mwezi ukiisha usomeni ukurasa huo pamoja na darasa zima. Nadhani jambo lenu la kwanza limo humo. Na siku mtakapopata ule muhuri, piga picha nakala ya pili mara mbili, moja ikae kwenye simu yako, nyingine kwa mwenyekiti wa wazazi, maana makabati ya shule zetu unayajua yanavyovuja.